Geuza jani kwanza kabla hujakimbilia dawa ya viazi

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo ofisini. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua hii yangu ni ndefu kidogo ila naomba msiikate sana, maana mambo ya maua hayapati nafasi magazetini kabisa, kilimo kikizungumziwa ni mahindi, viazi, parachichi na kahawa basi, na sisi wenye vitalu vya maua huku Nyanda za Juu Kusini tunaonekana tunacheza tu. Mimi nauza miche hapa Mbeya, upande wa Uyole, na mmea ninaoulizwa kuliko yote ni haibiskasi, ile ya maua makubwa mekundu, ya pinki, ya njano, ambayo watu wanapanda kwenye fensi na mbele ya nyumba. Swali ni lilelile kila msimu: majani yana madoa, nipulize nini?

Mvua zikishachanganya, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, mtu anakuja na jani mkononi na mkono wa pili kashika pakiti ya dawa ya viazi. Keshauziwa tayari. Wengine wameshapuliza mara mbili tatu, madoa yako palepale, na sasa wanauliza kama wang'oe chaka zima wapande kitu kingine. Kwa kweli inaniuma, maana ile haibiskasi ina miaka kumi pale, imekua na watoto wa hiyo nyumba, na haikuwa na haja ya kung'olewa. Ninachotaka kusema ni hiki: madoa kwenye majani ya haibiskasi sio ugonjwa mmoja, ni vitu vingi tofauti vinavyofanana ukiviangalia harakaharaka, na hela zinamwagika kwa sababu hakuna anayeligeuza jani akaliangalia, sio muuzaji wala mnunuzi.

Nianze na hiyo dawa ya viazi maana huku kwetu ndo imekuwa dawa ya kila kitu. Mbeya Vijijini, Makete, Njombe, Kilolo, viazi mviringo ndo maisha ya watu, na adui wa viazi ni bakajani chelewa, ule ugonjwa unaobabua shamba zima kwa siku chache tu hali ya hewa ikiwa ya baridi na ukungu. Kwa hiyo maduka ya pembejeo yamejaa dawa zake, na nyingi ni mchanganyiko wa vitu viwili, mankozebu na metalaksili, soma tu nyuma ya pakiti utaona. Sasa metalaksili kazi yake ni moja, inamlenga yule kimelea wa bakajani chelewa na ndugu zake wa karibu, na kimelea huyo japo sote tunamwita fangasi kiukoo hayupo na fangasi wa kweli kabisa, wataalamu wanamuweka karibu na mwani wa kahawia wa baharini. Fangasi wanaotia madoa kwenye haibiskasi, akina Cercospora na Colletotrichum, hawasikii metalaksili. Yaani ile sehemu ya dawa inayopandisha bei ya pakiti ndo hiyohiyo isiyokusaidia kitu kwenye ua lako.

Mankozebu yenyewe inasaidia kwa fangasi, sikatai, ila inasaidia kwa kuzuia. Inakaa juu ya jani na kuua mbegu za fangasi zinapotaka kuota, haiingii ndani kumfuata fangasi aliyekwishaingia, na mvua kubwa ya Rungwe ikipita inaoshwa chini yote. Na kama madoa yako ni ya bakteria basi hata hiyo mankozebu peke yake haifanyi kitu. Na kuna jambo moja watu hawaambiwi dukani: doa likishatoka halifutiki, hata upulize dawa ya bei gani. Sehemu ile ya jani imeshakufa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ulichofanya kimesaidia usiangalie majani ya zamani, angalia majani mapya yanayotoka kwenye ncha za matawi, kama yanakuja safi basi umeshinda, hata kama kule chini bado pana madoa. Watu wanapuliza tena na tena wakisubiri doa lipotee na halitapotea.

Haya, sasa kuangalia jani. Usichume lile lililokauka na kujikunja, hilo halina tena cha kukuonyesha, chuma lenye madoa machanga, na chuma matatu manne kutoka sehemu tofauti za mmea. Liangalie juu, kisha ligeuze uangalie mgongoni, halafu linyanyue juu mwanga wa jua upite. Fanya hivyo asubuhi kabla jua halijawa kali.

Doa la bakteria linaanza dogo, limelowa, ukilinyanyua kwenye mwanga pale pako angavu kama tone la mafuta ya taa kwenye karatasi. Baadaye linageuka kahawia au jeusi, na mara nyingi linazungukwa na duara la njano. Lakini kitu cha kuangalia zaidi ni umbo lake. Bakteria anatembea ndani ya jani kwenye maji yaliyo katikati ya seli, akifika kwenye mshipa wa jani anakwama, hawezi kuvuka kirahisi, kwa hiyo doa linakuwa na kona, pembe tatu au pembe nne zimenyooka kufuata mishipa. Ukiona madoa yenye kona zimekatwa na mishipa, na mengi yako majani ya chini yanayorukiwa na matope, mfikirie bakteria kwanza. Wapo akina Pseudomonas na Xanthomonas, wanaingilia kwenye matundu ya hewa ya jani na kwenye mikwaruzo, na usafiri wao ni maji: tone la mvua likipiga udongo likarukia jani, au likipiga jani bovu likarukia jani zima la pembeni, au mkono wako na mkasi wako ukipogoa mvua ikiwa haijakauka.

La fangasi kwa kawaida lina duara. Linapanuka bila kujali mishipa, linaweza kuwa na kahawia pembeni na katikati pakapauka pakawa kijivu, na mara nyingine utaona pete ndani ya pete, kila pete ni hatua aliyopiga. Ukiwa na lenzi ya kukuzia au hata kamera ya simu ukivuta karibu, unaweza kuona vidoti vyeusi vidogo sana vimetapakaa katikati ya doa, hivyo ndo viota vya mbegu zake. Sehemu ya katikati ikishakauka sana inaanguka na jani linabaki na tundu, hapo watu wanasema ni funza wamekula, wananunua dawa ya wadudu, wanapoteza hela mara ya pili.

Kama bado hujaelewa fanya hivi, hakuna gharama. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, weka karatasi ya tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa, laza jani juu yake, funika, liache humo siku mbili au tatu mahali pasipo na jua. Kama ni fangasi mara nyingi utakuta manyoya au unga umeota palepale juu ya doa. Kama ni bakteria hamna manyoya, doa linalainika na kuoza tu. Sio kipimo cha maabara hiki, kuna ukungu mwingine unaweza kuota tu kwa sababu jani limekufa, ndo maana nasema jani liwe bichi na doa liwe changa, lakini kinakusaidia kujua uelekee wapi.

Sasa ndugu Mhariri nikwambie ukweli, sehemu kubwa ya majani ninayoletewa hayana ugonjwa wowote. Mmea una shida nyingine. Haibiskasi hii asili yake ni Asia ya joto, Malaysia wameifanya ua la taifa tangu 1960, ni mmea uliozoea joto mwaka mzima. Kule Kyela chini ziwani ambako ni kama mita 500 tu toka usawa wa bahari inastawi yenyewe bila hata kuangaliwa. Sisi Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, Njombe wanakaribia 2,000. Kipupwe cha Juni mpaka Agosti usiku joto likishuka kwenye nyuzi 10 na kwenda chini, haibiskasi inasimama kukua, majani ya zamani yanageuka njano yana mabaka mabaka na kudondoka. Hapo hakuna ukungu wa kutibu. Ukipuliza dawa na kuongeza mbolea na kumwagilia kila siku ili uichangamshe unaiua, maana mizizi iliyo kwenye udongo wa baridi hainywi sana, maji yanatuama na mizizi inaoza. Kipupwe punguza maji, acha mbolea, subiri Septemba joto lirudi utaona inavyochipua. Mwenye haibiskasi kwenye ndoo au chungu aisogeze ukuta unaopigwa na jua la mchana, ukuta unatunza joto mpaka usiku. Wenzetu wa Makete na Njombe mabondeni ambako umande unaganda, kwa kweli ipandeni kwenye chungu tu, ardhini mtajitesa bure.

Jingine ni njano yenye mishipa ya kijani. Hii nimeiona sana kwenye nyumba mpya. Majani machanga ya juu yanatoka njano iliyopauka na mishipa imebaki kijani imejichora vizuri, baadaye yanapata mabaka ya kahawia yanayokauka, na mwenye nyumba anasema ni ugonjwa. Ukienda ukachimba kidogo pale chini ya ukuta unakuta mafundi walimwaga mabaki ya saruji na chokaa, wakafukia, na haibiskasi ikapandwa juu yake. Saruji inaufanya udongo uwe na chokaa nyingi, na udongo wa hivyo unayafunga madini ya chuma, yamo ila mizizi haiwezi kuyachukua. Majivu ya jikoni yanafanya hivyohivyo. Kuna imani imeenea sana huku kwamba majivu ni dawa ya kila ua, kina mama wanamwaga ndoo nzima kwenye shina kila wiki. Kidogo kwenye udongo wenye asidi nyingi sio mbaya, ila wiki hadi wiki sehemu ileile, majani yatapauka tu. Dawa yake ni kuacha majivu, kutoa ule udongo wa saruji kadiri unavyoweza, kuweka samadi iliyoiva na udongo wa msituni, na haraka zaidi ni mbolea ya maji yenye madini ya chuma, ile ya kupuliza kwenye majani, ipo madukani.

Usichanganye na njano ya majani ya chini, ya zamani. Ikiwa majani ya zamani ndo yanapauka katikati ya mishipa mara nyingi magnesiamu imepungua, na yakiungua pembeni kuzunguka ukingo wote mara nyingi potasiamu ndo imepungua, na haibiskasi ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Yaani unaangalia ni majani ya umri gani yameanza. Hilo peke yake linakutoa kwenye makosa mengi sana.

Jua nalo linaunguza. Mche uliokaa kwenye kivuli cha neti miezi kadhaa ukautoa ghafla ukauweka juani Oktoba, majani ya juu yatapata mabaka meupe makavu upande unaopigwa na jua tu, mgongo wa jani uko salama. Uzoeshe mmea taratibu, saa chache za asubuhi kwanza.

Wadudu sitawazungumzia sana, wengi wanaonekana kwa macho. Vidukari na inzi weupe wananyonya na kudondosha maji matamu, juu yake yanaota masizi meusi. Paka kidole na mate usugue, ukiona weusi unatoka basi sio doa, ni masizi, na shida ni wadudu walio juu yake na sisimizi wanaowalinda. Maji ya sabuni, kijiko cha chai kimoja au viwili kwa lita, jioni, mgongoni mwa majani, rudia baada ya siku kadhaa. Utitiri ndo wajanja maana hawaonekani, jani linakuwa na vinukta vingi vidogo vya njano mpaka linaonekana lina vumbi. Shika tawi juu ya karatasi nyeupe uligonge, subiri kidogo, vinukta vikianza kutembea umeshampata. Utitiri anapenda kiangazi na vumbi, hivyo haibiskasi za kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma zinateseka sana, na dawa kali za wadudu zinamsaidia yeye kwa sababu zinaua wadudu waliokuwa wanamla. Maji ya mpira yenye nguvu yakipigwa mgongoni mwa majani mara mbili kwa wiki yanampunguza kweli.

Kuna doa moja ambalo naomba watu walifahamu kwa sababu halina dawa. Jani linazeeka linageuka njano kama kawaida lakini madoa au pete zinabaki kijani. Njano kote, kijani kwenye doa. Au jani bichi lina pete na vimiraba vilivyopauka ambavyo havikauki wala havina tundu. Hiyo ni dalili ya virusi. Kule Hawaii wameshaandika sana kuhusu virusi wa haibiskasi wa madoa ya kijani, na virusi wa namna hiyo wanahusishwa na utitiri bapa, mdogo sana. Kuna wengine wanaobebwa na mkasi na vijiti vya kupandikiza. Mmea wenye virusi unaweza kuishi miaka na kutoa maua vizuri, na hapo ndo hatari ilipo, jirani anapita anasema jamani ua zuri nikatie kijiti, unamkatia, naye anamkatia wa kwake, mtaa mzima unaambukizwa kwa upendo tu. Kwa hiyo kabla hujatoa wala hujapokea kijiti uangalie mmea mama. Na sisi wenye vitalu ndo tunaopaswa kuwa wa kwanza kuacha kukata vijiti kwenye mmea wenye pete, hata kama rangi ya ua lake ndo inayouzika kuliko zote.

Tukirudi kwenye fangasi na bakteria, kinachosaidia zaidi hakiuzwi dukani. Wote wawili wanahitaji jani liwe limelowa kwa masaa ndo waingie. Mvua hatuwezi kuizuia, ila angalia tunavyomwagilia: jioni baada ya kazi, mpira umenyooshwa juu ya chaka zima, majani yanalala yamelowa usiku kucha na usiku wetu ni wa baridi, hayakauki mpaka saa nne asubuhi. Mwagilia asubuhi, na mwagilia shinani. Okota majani yote yaliyodondoka, usiyafagilie chini ya chaka, yachome au yafukie mbali. Tandaza nyasi kavu shinani ili matone yasirushe udongo. Pogoa katikati ya chaka upepo upite, na upogoe siku kavu, mkasi ukitoka mmea mmoja kwenda mwingine uupanguse na spiriti. Fensi za haibiskasi zinazopandwa futi moja moja zinapendeza mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu ndani ni giza na unyevu, acha angalau mita moja kati ya mche na mche.

Mmea ukiwa na nguvu na madoa ni machache chuma majani mabovu tu uache. Ikiwa yanaongezeka kila wiki na umehakikisha ni bakteria au fangasi, hapo dawa ya kopa, yaani ya madini ya shaba, ina maana kuliko dawa ya viazi, kwa sababu inazuia fangasi na kwa kiasi inazuia bakteria pia. Wazee wa kahawa kule Mbozi na Rungwe wanaijua vizuri, mrututu, ambao ni kopa hiyohiyo, umeokoa mikahawa yao na kutu ya majani miaka mingi, na Wafaransa kule Bordeaux walikuwa wanachanganya mrututu na chokaa kwa ajili ya mizabibu tangu miaka ya 1880. Ila kopa nayo ina masharti. Kwenye hali ya baridi na jani lisilokauka haraka inaunguza majani ya haibiskasi, kwa hiyo pulizia matawi mawili kwanza usubiri siku kadhaa uone, na usipulize kila wiki mwaka mzima maana kopa haiozi, inajikusanya kwenye udongo.

Na jamani usalama. Hii ni bustani ya nyumbani, sio shamba. Watoto wanachuma yale maua wanacheza nayo, wengine wananyonya utamu wa chini ya ua. Ndege aina ya chozi wanakuja asubuhi kunywa, nyuki vilevile. Matawi yaliyopogolewa watu wanawapa sungura na mbuzi, na sungura wanaipenda sana haibiskasi. Nimeshaona mtu amepuliza asubuhi, mchana anakata fensi na kubeba mzigo mzima kupeleka bandani. Mankozebu sio kitu cha kuchezea, Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2020 walikataa kuihuisha kibali chake kwa sababu za afya ya binadamu, hapa kwetu bado inauzwa kihalali ila inauzwa pia kwa kupimwa na vizibo vya soda, imefungwa kwenye karatasi bila lebo, mnunuzi hajui kipimo wala siku za kusubiri. Ununue iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, uvae glavu, uzibe pua na mdomo.

Kuna watakaosema ua ni ua tu, kuna shida kubwa zaidi. Ila haibiskasi ni ukoo mmoja na bamia, choya na pamba, na wadudu na magonjwa yanahamiana kwenye ukoo huo. Wanaokumbuka wanajua mikoa yetu ya kusini ilifungiwa kulima pamba kwa miaka mingi kwa sababu ya funza mwekundu, ili asivuke kwenda kwenye pamba ya kanda nyingine. Mdudu mmoja tu alibadilisha kilimo cha mikoa mizima. Kwa hiyo anayeotesha bamia nyuma ya nyumba na haibiskasi mbele ya nyumba, akijua kusoma jani moja amejua kusoma na la pili.

Ombi langu ni kwa watu watatu. Wauzaji wa pembejeo, mteja akisema maua yana madoa muulizeni jani liko wapi, asipokuwa nalo mwambieni akalilete, mkimuuzia kitu sahihi atarudi kwenu miaka yote. Mabwana shamba na mabibi shamba wa jiji na manispaa, na ndugu zetu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, mko karibu nasi sana, mngetutengea hata nusu siku kwa wiki watu walete majani wayaone pamoja na nyie, vitalu tupo tayari kusaidia kutangaza. Na wewe ndugu Mhariri, kabla mvua za Novemba hazijaanza tunaomba ukurasa mmoja wa rangi, picha za majani haya pande zote mbili, juu na mgongoni, la bakteria, la fangasi, la utitiri, la saruji, la baridi na la virusi. Mimi majani ninayo, nipo tayari kumpokea mpigapicha wenu siku yoyote asubuhi, ila asije wakati wa mvua maana majani yakilowa doa la bakteria halionekani vizuri.

Wako katika kazi,
Mwenye kitalu cha maua,
Uyole, Mbeya